Pikipiki ya Mbio Iliyokwisha Kutumika: Tazama Kabla ya Kulipa

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)

Ndugu wanachama,

Kwa muda wa miezi mingi halmashauri ya tawi imekuwa ikiulizwa swali moja na vijana wetu wa karakana na wa ghala. Swali lenyewe ni hili: mfanyi kazi akitaka kununua pikipiki ya mbio ambayo mtu mwingine amekwisha kuitumia, atajuaje kwamba ni nzima na ni halali? Tumeona ni afadhali tujibu mbele ya wote kuliko kumjibu kila mtu peke yake mlangoni. Sisi tunaosema leo ni mafundi pamoja na wajumbe wa kamati ya mikopo. Fundi ataeleza mashini, na mjumbe wa mikopo ataeleza fedha. Mambo haya mawili hayatengani.

Kwanza twataka ijulikane kwamba hatukuja kumkataza mtu. Wako wanaosema mashini za namna hii ni za watoto wa matajiri. Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake ana haki ya kununua akipendacho, na hakuna sheria inayosema mfanyi kazi apande tu kitu cha kubebea mizigo. Tunalotaka kusema ni moja, nalo ni hili: pikipiki hii atakayeipanda ni mmoja, lakini wanaoinunua ni wengi.

FEDHA NI ZA NANI

Wachache sana kati yetu hununua kwa fedha taslimu. Wengi huenda katika chama cha akiba na mikopo, na chama hutaka wadhamini. Wadhamini hao ni nani? Ni yule mnayekaa naye kwenye mashini moja, ni mama wa jikoni, ni mzee wa lango aliyebakisha miaka miwili astaafu. Wao wametia sahihi kwa kukuamini wewe, si kwa kuijua pikipiki. Ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo itakayoshikwa.

Natutazame hesabu. Tuseme umekopa shilingi 240,000 kwa miezi 24, na faida ni asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Mwezi wa kwanza utalipa shilingi 10,000 za deni na shilingi 2,400 za faida, jumla shilingi 12,400. Kila mwezi faida itapungua kidogo, lakini zile 10,000 hazipungui hata mwezi mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Basi hata sheria yenyewe yataka mtu abakiwe na theluthi moja ya kula. Lakini ndugu, sheria kuruhusu si sawa na nyumba kuweza. Anayeishi kwa theluthi moja hana pa kushika mtoto akiugua.

Twashauri pia kwamba fedha zote za mkopo zisiishie kwenye bei. Katika hizo 240,000, pikipiki yenyewe isizidi 200,000. Zile 40,000 zinazobaki ni za mipira, cheni, oili, breki, bima na kofia ya chuma. Mashini ya mkono wa pili haikosi kudai kitu katika mwezi wa kwanza. Asiyeweka akiba hiyo huirudisha karakana, akaifunika turubai, na makato ya mshahara yakaendelea.

MASHINI HIZI ZIMETOKA WAPI

Majina yanayosikika sana ni ya Japani. Mwaka 1969 Honda walitoa CB750, yenye silinda nne na breki ya sahani mbele, na watu wakashangaa kwamba mashini kubwa namna hiyo yaweza kuuzwa kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1984 Kawasaki walitoa GPZ900R, ndiyo Ninja ya kwanza, yenye injini ya kupozwa kwa maji. Mwaka 1985 Suzuki walianza kuuza GSX-R750. Mwaka 1992 ikaja CBR900RR ya Honda, na mwaka 1998 YZF-R1 ya Yamaha. Tangu hapo mashindano yakawa ya kupunguza uzito na kuongeza nguvu.

Kuna jambo la Japani ambalo lamsaidia mnunuzi kuelewa. Kule leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Anayetaka kubwa zaidi sharti apate leseni nyingine. Kwa hiyo viwanda vyao vilitengeneza mashini za mbio za cc 400 kwa wingi, kama CBR400RR na ZXR400, hasa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Nyingi zilisafirishwa nchi za nje zikiwa zimekwisha kutumika. Ni mashini nzuri, lakini sasa zimepita umri wa miaka 25, na nyingine 30. Vipuri vyake ni shida. Ukiambiwa bei yake ni ndogo, jiulize bei ya silinda ya breki, na jiulize nani anayo.

Baadaye zikaja ndogo ambazo mfanyi kazi aweza kuzimudu. Ninja 250R ya cc 249 ilitengenezwa upya mwaka 2008. CBR250R ya silinda moja ilitoka mwaka 2011. Katika India Yamaha walitoa R15 ya cc 149 mwaka 2008, na Bajaj walikuwa wamekwisha kutoa Pulsar mwaka 2001. Hizi ndizo twawaambia vijana wazitazame kwanza. Petroli hazili sana, na fundi wa kawaida huzielewa.

KARATASI KWANZA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twawaomba msiiwashe injini kabla ya kuona karatasi, kwa maana injini ikikwisha kunguruma, akili ya mnunuzi hulala.

Jambo la kwanza ni jina. Sheria ya Usafiri Barabarani, Sura ya 403, inasema yule aliyeandikwa katika daftari la serikali ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi anayekuuzia awe ndiye aliyeandikwa. Akisema ni ya ndugu yake aliye ng'ambo, ama alinunua na hakubadilisha jina, mwambie alete mwenyewe au abadilishe kwanza. Usinunue hadithi.

Jambo la pili ni deni. Siku hizi kumbukumbu za magari zipo NTSA, nazo hupatikana kupitia eCitizen. Tafuta namba ya pikipiki hiyo kwa simu yako mwenyewe, si kwa simu ya muuzaji, uone jina la mwenyewe, na uone kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa juu yake. Wako wakopeshaji wanaotoa fedha kwa rehani ya logibuku. Tena tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, liko daftari la dhamana ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake. Rehani hufuata chombo. Haikai kwa aliyekopa.

Tuliona jambo hili kwa macho yetu. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alinunua mashini ya cc 250 kutoka kwa dalali. Alipewa nakala ya logibuku iliyopigwa chapa safi kabisa. Alipanda kwa wiki saba. Wiki ya nane wakaja watu wawili na lori mbele ya lango letu saa ya kutoka kazini, wakiwa na barua za mkopeshaji na amri ya kuichukua. Kila kitu walichosema kilikuwa kweli. Yule dalali simu yake haikupatikana tena. Mwenzetu alibaki na deni la miezi 22 na hana chombo. Aliendelea kulipa miezi mitano, mkewe akajifungua, akashindwa. Wadhamini wanne wakaanza kukatwa. Mmoja wao alikuwa akiweka akiba ile kwa karo ya msichana wake wa kidato cha tatu. Watu hawa wanne mpaka leo hukaa meza moja na mwenzetu wakati wa chakula, lakini maneno yamepungua.

Jambo la tatu ni namba zenyewe. Namba ya fremu hupigwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini juu ya kasha la injini. Pangusa vumbi, uzisome moja moja ukizilinganisha na logibuku. Mashini zilizotengenezwa kwa nchi nyingi zina namba ya herufi na tarakimu 17. Zile za soko la Japani zina namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake si kosa. Kosa ni chuma kilichopigwa tupa, rangi mpya mahali pa namba tu, au tarakimu zisizo kwenye mstari mmoja. Ukiona hivyo, chukua kofia yako uende. Usibishane.

KUITAZAMA IKIWA BARIDI

Mwambie mwenye kuuza mapema kwamba usikute injini imekwisha kuwashwa. Ukifika, weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini ngumu kuwaka huficha ugonjwa wake ikipashwa moto kabla ya mgeni.

Tazama dalili za kuanguka. Mashini ya mbio ina makava ya plastiki, na plastiki hununuliwa mpya ikaficha mengi. Kwa hiyo usitazame plastiki, tazama pembe: ncha za mikono ya breki na klachi, ncha za usukani, vikanyagio, kasha la injini pande zote mbili. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Pale chini ya shingo kuna vituo vya chuma vinavyouzuia usizidi. Vituo hivyo vikiwa vimebonyea au vimepasuka, mashini hiyo iligonga kitu kwa nguvu, hata kama inang'aa kama sahani ya harusi.

Inama uchungulie chini. Mashini hizi ziko karibu na ardhi, na barabara zetu zina matuta. Makava ya chini yakiwa yamepasuka si ajabu, lakini bomba la moshi lililobonyea na bakuli la oili lililokwaruzwa ni jambo la fedha. Tazama kama kuna oili inayotoka.

Inua gurudumu la mbele litoke chini, ugeuze usukani polepole. Ukisikia unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Bonyeza shoki za mbele mara tatu, kisha pitisha kidole juu ya chuma chake. Kidole kikitoka na oili, sili zimekatika, na oili ile yaweza kushuka mpaka kwenye breki.

Soma mpira wa gurudumu. Ubavuni baada ya herufi DOT utaona tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa miaka kumi haufai hata kama mifereji yake ni mizito, kwa sababu umekauka na haushiki lami. Mpira uliolika katikati ukawa bapa umetembea safari ndefu. Usiamini saa ya kilomita ikisema vinginevyo.

Vuta cheni kwa nyuma pale inapozunguka spoketi kubwa. Ikiinuka mpaka ukaona jino karibu lote, imelika. Meno yaliyopinda kama ndoano yasema hivyo hivyo. Cheni na spoketi hubadilishwa pamoja, basi hesabu bei ya vyote. Sahani ya breki nayo huwa imepigwa namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi mwenye kipimo ataona kama bado ina maisha.

KUIWASHA

Sasa iwashe. Moshi wa buluu usiokoma wasema injini yala oili. Moshi mweupe wa asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea injini ikiwa ya moto, na una harufu tamu, maji ya rejeta yanaingia ndani. Moshi mweusi wasema petroli ni nyingi kuliko hewa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa nchi hii. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Mombasa iko pwani. Mashini ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikiletwa Nairobi hukuta hewa nyepesi, ikavuta petroli kupita kiasi, plagi zikawa nyeusi na nguvu ikapungua. Huo si ugonjwa, ni marekebisho. Lakini iliyotoka pwani itazame kutu vizuri, kwenye viungo vya waya na ndani ya tangi, kwa maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma.

Mwombe fundi apime umeme. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikizungushwa, ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki 12, mashini haichaji. Zikipita 15, kidhibiti umeme kimekufa na kitachoma betri. Katika mashini za Japani za zamani ugonjwa huu ni wa kawaida, na umewaacha wengi njiani usiku.

Mwisho apande mtu mwenye leseni ya pikipiki na mwenye uzoefu, tena bima ikiwa hai. Asikilize gia, hasa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Gia ikiruka na kurudi yenyewe, hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima. Achia usukani mzigo kidogo kwenye barabara tupu na iliyonyooka, bila kutoa mikono. Mashini ikivuta upande mmoja, fremu au shoki zimepinda.

NGUVU NA MWENDO

Ndugu, hatuna budi kusema hili pia. Pikipiki ya mbio ya cc 600 ina nguvu za farasi zaidi ya 100, na uzito wake haufiki mara tatu ya uzito wa mtu mnene. Ya cc 1000 hupita kilomita 120 kwa saa ikiwa bado gia ya kwanza. Sheria yetu katika mji ni kilomita 50. Maana yake mtu anavunja sheria kabla hajaigusa gia ya pili. Anayetoka kwenye Boxer ya mjini akapanda kitu kama hicho siku ya kwanza hakupanda pikipiki, amepanda farasi asiyemjua. Anza na cc 150 au 250. Jifunze breki. Hiyo kubwa haitakimbia, ipo.

Tena sheria yataka kofia na koti la kung'aa usiku, kwa mwendeshaji na kwa abiria wake, na abiria awe mmoja. Kofia isiwe ile ya kutolea polisi adabu. Na ninyi mnaotoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, macho mazito, msipande mashini hizi. Subirini basi.

SIKU YA KULIPA

Mkikubaliana bei, msilipane barabarani. Kaeni mahali pamoja, mchana, na shahidi. Muuzaji aanzishe uhamisho wa jina katika akaunti yake, nawe uukubali katika akaunti yako. Andikeni mapatano: majina, namba za vitambulisho, namba ya fremu na ya injini, bei, tarehe na saa. Lipa kwa njia inayoacha alama, ama benki ama simu, kwa jina lile lile lililo kwenye logibuku. Mwenye kusema umtumie fedha shemeji yake, mwache. Sheria haikuruhusu kuitumia mashini barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuziana bila jina lako kuandikwa. Na bima iwe kwa jina lako kabla gurudumu halijaingia barabarani. Sura ya 405 yaidai bima hiyo kwa ajili ya yule utakayemgonga.

MAOMBI YA HALMASHAURI

Basi ndugu, halmashauri yaomba mambo mawili. La kwanza: mwanachama yeyote anayekwenda kutazama mashini asiende peke yake. Katika afisi ya tawi tumeweka orodha ya wenzetu mafundi waliokubali kufuatana na mtu siku ya Jumapili. Hawadai malipo, ila nauli na chai. Wanachama wa karakana mbili wamekwisha kuandika majina yao, na twangoja ya karakana ya tatu.

La pili: mwenye kuombwa udhamini asione haya kuuliza. Mwambie mwenzako, nionyeshe jina lililo kwenye kumbukumbu, nionyeshe namba ya fremu, na niambie fundi gani aliitazama. Kuuliza hivyo si kumdharau ndugu yako. Unatia sahihi juu ya akiba yako ya miaka mingi, na una haki ya kujua unaiweka juu ya nini. Naye mwenye kukopa asikasirike. Afadhali maswali kumi leo mbele ya chai kuliko ukimya wa miaka miwili mezani.

Karani atabaki hapa na orodha mpaka saa kumi na moja. Mwenye swali aulize.